Jinsi ya Kukosa Faida kila Jumanne Jioni

Mwongozo huu umeandikiwa watu ambao simu zao hazilali. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Homa Bay na kwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa chama. Mwalimu anayesahihisha insha ndani ya matatu ya Oyugis, kalamu nyekundu ikirukaruka kila barabara inapochimbika. Mhasibu wa sako. Afisa wa kaunti anayeambiwa Jumatatu asubuhi kwamba ripoti ilitakiwa Ijumaa. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya mwenye mitihani ya madarasa matatu mezani. Kama wewe una nafasi ya kulala mchana, nenda ukalale, nakutakia usingizi mwema. Wengine tusogee karibu.

Tutajifunza kazi ngumu, nayo ni kukosa faida. Kwa saa moja na nusu, mara moja kwa wiki, utafanya kitu kwa mikono au kwa sauti yako. Kitu hicho hakitakuletea shilingi, hakitaandikwa kwenye fomu ya tathmini ya kazi, wala hakitakupandisha cheo. Utakifanya vibaya kwa muda mrefu. Halafu utakifanya vizuri kiasi, na bado hutalipwa. Mtu akikuuliza kinakusaidia nini, utamjibu, "Kinanipendeza," na jibu hilo litatosha.

Najua ninachoomba, na najua ninamwomba nani. Huku kwetu kila kitu kina bei. Ukifuga kuku wawili kwa sababu unapenda kuwatazama, jirani anakupigia hesabu ya mayai. Ukioka keki ya kwanza, kufikia jioni una oda tatu. Siwalaumu wanaohesabu hivyo. Ndio waliosomesha ndugu zao na watoto wa ndugu zao, na mshahara mmoja wa mwalimu katika kaunti hii unaweza kubeba boma zima. Lakini mtu ambaye kila saa yake imeshauzwa huchoka kwa namna ambayo usingizi peke yake hauitibu.

Mwezi Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali itokanayo na kazi, na likautajia dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakifui dafu. Wauguzi wa Homa Bay waliijua orodha hiyo kabla haijachapishwa. Mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo katika hospitali ya hapa, wahudumu wa wodi zile walikuwa wamekwisha kuzika wagonjwa, majirani na wenzao wa kazi, na Jumatatu walirudi kazini kama kawaida. Watu wa namna hiyo hawahitaji hotuba kuhusu kujipenda. Wanahitaji mahali pa kuweka mikono yao pasipo na mgonjwa, faili wala mtoto wa mtu.

Wengi wetu hujitibu kwa kochi. Tunaketi, tunafungua simu, kidole kinasukuma picha juu, saa mbili zinakwisha, tunainuka shingo inauma. Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walichapisha kipimo cha namna watu wanavyojirudishia nguvu baada ya kazi, na wakataja mambo manne: kuiondoa kazi kichwani, kutulia, kuwa na amri juu ya muda wako, na kujifunza jambo gumu kidogo ukaliweza. Kochi linakupa la pili tu, na hata hilo kwa shida, maana kundi la WhatsApp la idara limo katika simu hiyo hiyo. Kazi ya mikono hukupa yote manne kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kubandika, wakawaacha kwa dakika 45. Mate yao yalipopimwa kabla na baada, takriban robo tatu yao walikuwa na kiwango cha chini zaidi cha kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa na mfadhaiko. Waliokuwa hawajawahi kushika brashi hawakuachwa nyuma na wazoefu. Hilo la mwisho lisome tena, kwa sababu kisingizio chako cha kwanza kitakuwa kwamba huna kipaji.

Kwanza, siku

Chagua Jumanne. Jumatatu ni ya moto wa kuzima. Jumatano hadi Ijumaa mikutano huzaana. Jumamosi usiitaje hata kidogo. Katika nchi ya Wajaluo Jumamosi ni ya matanga. Kuanzia Alhamisi jioni magari ya kubeba maiti yanapishana kwenye barabara ya Rongo na ya Mbita, Ijumaa kuna mkesha, Jumamosi kuna mazishi, na wewe mwenye kazi ya mshahara ndiwe unayetarajiwa kuja na bahasha, gari na hotuba. Nenda. Kumzika mtu ni wajibu, na mwongozo huu haushindani na wafu. Lakini usiwe mtu wa kupanga hobi yako Jumamosi, ikafa mara tano mfululizo, kisha ukasema huna bahati.

Waadventista wa kaunti hii wametutangulia katika somo hili, na inafaa tuwaige hata kama si wa kanisa lao. Tangu misheni yao ya kwanza ilipofunguliwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wameishi na mpaka ambao hakuna mwajiri anayeusogeza: jua la Ijumaa likizama, kazi imekwisha. Kinachonivutia ni uthabiti wa mpaka wenyewe. Hawaamki Ijumaa wakijiuliza kama wiki hii wana nafasi. Jumanne yako iwe na mpaka kama huo.

Saa nayo tayari ipo. Tuko karibu sana na ikweta, hivyo jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, Januari hadi Desemba. Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Katikati hapo kuna saa moja na nusu ya mwanga mzuri ambayo kila siku tunaitoa sadaka kwa "nimalizie barua pepe moja tu." Na kwa sababu stima huku ina tabia zake, chagua kazi isiyohitaji soketi. Umeme ukipotea, wewe unaendelea.

Pili, simu

Itie ndani ya chungu chenye kifuniko, ukifunike, ukiweke chumba kingine. Wauguzi na madaktari walio zamu ya dharura wasamehewe, nao waiache simu yao ikilia kwa namba moja tu, ile ya wodi. Wengine wote, hata mwenye cheo kikubwa: hakuna bajeti ya kaunti iliyowahi kuporomoka kwa sababu ulikuwa hupatikani saa kumi na mbili jioni ya Jumanne.

Utasikia mkono ukiitafuta. Uache utafute. Baada ya dakika chache utapata kitu kingine cha kushika.

Tatu, kazi yenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuanza na duka. Hununua seti ya rangi kutoka Nairobi, rangi hukauka ndani ya kabati, na hobi huzikwa na risiti yake. Anza na mwalimu. Na mwalimu, katika kaunti hii, humpati mbali.

Kama una masikio, nakusihi uanze na nyatiti. Ni zeze la nyuzi nane, bakuli la mti lililovikwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni za nailoni, ile ile inayouzwa kwa wavuvi. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi. Mkono wa kushoto una kazi yake, wa kulia una yake. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo, mguuni zimefungwa gara, njuga zinazolia kila anapogonga, na juu ya yote hayo anaimba. Jaribu kufikiria ripoti ya robo mwaka katika hali hiyo. Haiwezekani. Kidole cha mguu kikiwaza bajeti, mdundo unavunjika na kila mtu amesikia. Sijui chombo kingine kinachomteka mtu mzima mzima kiasi hicho, kuanzia koo hadi unyayo, na ndiyo maana nakiweka mbele ya vingine vyote.

Utampata wapi jathum, yaani mpigaji wa nyatiti, wa kukufundisha? Kwenye yale yale matanga yaliyokula Jumamosi yako. Tangu zamani huko ndiko wapigaji wanakoitwa, na huko ndiko utamkuta mzee ameketi pembeni ya hema, muziki wa spika ukimfunika, akingoja zamu yake. Msubiri amalize. Msalimie kwa adabu, mwite jaduong', mwambie umependa alivyopiga na unataka kujifunza. Usimwite kwa mluzi wa meza kuu. Wazee hawa wengi wao hawajapata mwanafunzi kwa muda mrefu. Vijana wao wameenda Nairobi, au wanapiga kinanda. Ombi lako litamshangaza kuliko noti utakayomtunza.

Dada zangu, msizuiwe na yanayosemwa. Ni kweli kwamba kimila nyatiti ilikuwa ya wanaume. Lakini Eriko Mukoyama, mwanamke kutoka Japani anayejulikana kwa jina la Anyango, alikuja akaishi kijijini Alego, Siaya, akafundishwa na mabingwa, akapanda majukwaani na nyatiti yake. Ikiwa mtu aliweza kutoka Tokyo, mhasibu anaweza kutoka Sofia Estate.

Kama nyatiti ni kubwa kwako, kuna orutu, ya uzi mmoja na upinde wake. Uzi mmoja tu. Usidanganyike: watu hulilia uzi huo mmoja.

Sasa tuje kwenye hobi ninayoiona kuwa bora kwa mtu asiye na nafasi, asiye na pesa, na mwenye bosi mkali. Inaitwa pakruok. Katika ngoma ya nyatiti, na baadaye katika benga, msikilizaji humtunza mwanamuziki pesa, muziki ukashushwa, naye msikilizaji akasimama kujisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, ametoka wapi, rafiki zake ni kina nani, mpenzi wake ana sifa gani. Hayo hayasemwi hivi hivi. Yanasemwa kwa picha na mafumbo, kwa kutia chumvi, kwa mdundo, na ukumbi unamhukumu papo hapo kwa kicheko au kwa kimya. Ni utunzi wa mashairi ambao mtunzi wake anaweza kuwa dereva, karani au mchuuzi wa omena.

Mfanyakazi aliyechoka anahitaji hili kuliko mtu yeyote. Mwaka mzima sifa zako huandikwa na wengine, kwa lugha ya alama moja hadi tano, kwenye fomu usiyoipenda. Chukua daftari. Kila Jumanne tunga mistari minne ya kujisifu, iwe ya kweli, iwe ya fahari, na kila mstari uwe na kitu kinachoonekana kwa macho. Muuguzi anaweza kuanza hivi:

Mimi ni binti wa kilima kinachoonekana kabla ya mji.
Sindano yangu inatua, mtoto bado anahesabu vidole.
Usiku nimepokea wageni saba waliokuja bila viatu,
wote wakilia, na kila mmoja nikamkaribisha kwa jina la bibi yake.

Mwalimu wa hesabu ana yake. Mkusanya kodi wa soko la samaki ana yake pia, na yake itahitaji ujasiri zaidi. Kanuni ni mbili: usimtukane mtu, na usiseme neno ambalo lingefaa kwenye wasifu wa kuombea kazi. "Nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" si pakruok. Mkiwa wanne au watano, kutaneni, mmoja apige meza, mwingine asimame. Mtatoka hapo mkitembea tofauti.

Wapo wanaotaka kuandika zaidi ya mistari minne, na hao wana mababu na mabibi wa kutosha. Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani wa forodha Pangani mwaka 1926 akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo hiyo ya mihuri na leja akatuandikia sehemu kubwa ya fasihi tunayojivunia. Mwandishi Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga. Margaret Ogola, mzaliwa wa Asembo ng'ambo ya ghuba, alikuwa daktari wa watoto aliyesimamia kituo cha mayatima wenye virusi vya UKIMWI jijini Nairobi, na katikati ya kazi ya udaktari akaandika The River and the Source, riwaya ya vizazi vinne vya wanawake wa Kijaluo. Ilitoka mwaka 1994, mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, kisha ikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima. Simtaji ili uone aibu kwa daftari lako tupu. Namtaja kwa sababu mtu aliyewahudumia watoto wagonjwa kila siku alihitaji mahali ambapo yeye ndiye anayeamua nani anaishi mpaka ukurasa wa mwisho.

Udongo nao. Kufinyanga kwa Wajaluo ni kazi ya wanawake, haina gurudumu. Udongo huchimbwa, hukandwa, huchanganywa na vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni, kisha chungu hupandishwa kwa mkono, msokoto juu ya msokoto. Hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, huchomwa kwenye moto wa wazi. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950 ambaye vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, naye huvijenga kwa mkono bila gurudumu. Kilicho kizuri kwa watu wa ofisi ni kwamba udongo haujui tarehe ya mwisho. Ukiuharakisha unapasuka, na hauna meneja wa kumwandikia malalamiko. Mwanaume anayetaka kujifunza na amwombe mama mfinyanzi ruhusa kwanza, na akikataliwa akubali kwa adabu, kuna kazi nyingine.

Kuna kuchora, kwa mfano. Penseli moja, karatasi, na Got Asego, kile kilima kilichochongoka juu ya mji, ambacho Mungu alikifanya rahisi kwa wanaoanza: mistari miwili inakutana juu, umemaliza. Wiki ijayo utaona kwamba mstari wa kushoto haukuwa umenyooka, na kwamba mawingu ya saa kumi na mbili yana rangi usiyo na penseli yake. Siku ukipata likizo, panda mashua hadi Mfangano ukaone michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone, miduara myekundu na myeupe, duara ndani ya duara, kazi ya watu walioishi hapo kabla ya mababu wa Wasuba kufika. Makumbusho ya Jamii ya Abasuba yatakuelekeza njia na adabu za mahali hapo. Hakuna anayejua waliochora walikuwa na vyeo gani.

Kwaya sitaieleza sana. Kama umelelewa Kendu Bay au Gendia unajua kuimba sauti nne bila ala tangu utotoni, na unachohitaji ni kurudi mazoezini tu. Kufuma vitambaa vya makochi vilevile: sindano na uzi vinaingia mkobani, na mkutano wa saa tatu unaweza kukupa kitambaa kizima cha meza.

Ninachokukataza ni ufugaji wa samaki, kuku wa mayai, na shamba la parachichi. Ni shughuli nzuri, lakini ni kazi ya pili uliyoipa jina la mapumziko. Dalili yake ni moja: ukiiwaza usiku, unawaza soko.

Nne, wanunuzi

Watakuja. Chungu chako cha kwanza kisichovuja kitawaleta. "Hivi unauza ngapi?" Ukipiga nyatiti kidogo, binamu atakuomba upige harusini, na atataja nauli. Ukifuma kitambaa kimoja kizuri, mkuu wako wa idara atataka seti ya viti saba kabla ya Krismasi. Hapo ndipo hobi nyingi za Homa Bay zimekufa, zikiwa na afya njema, kwa kupendwa.

Jibu la kutoa ni, "Siuzi, lakini mama aliyenifundisha anauza, nikupe namba yake." Lijifunze jibu hili mpaka litoke bila kufikiri, kwa sababu hapa hatulindi Jumanne yako peke yake. Wewe una mshahara. Yule mama mfinyanzi hana. Chungu chake ndicho karo na unga wa nyumba yake, na tayari anashindana na ndoo za plastiki na sufuria. Ukianza kuuza vyungu vyako kwa bei ya kirafiki, kwa kuwa hutegemei bei hiyo kula, umemnyang'anya mteja kwa ujuzi aliokupa yeye mwenyewe. Jathum vilevile: ukipiga harusini bure kwa ajili ya kujifurahisha, kuna mzee aliyekosa kualikwa. Kukosa faida ni deni lako kwao. Kwa hiyo, unachotengeneza kitumie, kigawe, kitundike ukutani, au kivunje ukisage kiwe vigae vya chungu kijacho.

Na mwalimu mlipe. Mlipe kwa wakati, mlipe ada kamili kama unavyolipia masomo ya uhasibu, na usiombe punguzo eti kwa sababu ni sanaa ya jadi. Wengi wetu tunalipa mafunzo ya mtandaoni kwa dola bila kunung'unika, kisha tunabishana na mzee kuhusu shilingi mia mbili. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa. Ujuzi ulio mikononi mwa watu hawa haujahifadhiwa kwenye seva yoyote. Mpigaji akifa bila mwanafunzi, tunampeleka kaburini na nyimbo zake, na sisi wenye mishahara tunakuwa tumechangia jeneza kwa ukarimu mkubwa. Mia mbili ya somo ingetangulia.

Tano, nyumbani

Mwenzako atashuku. Jumanne mbili za kwanza ataamini una mtu. Mpeleke akaone. Kama kuna watoto, waje nao, wafinyange ng'ombe, wapige kelele, ila wasikufanye mlezi wa darasa. Saa moja na nusu hiyo ni yako, na Jumatano jioni iwe ya mwenzako kwa masharti hayo hayo: wewe uko na watoto, yeye anakosa faida mahali anapopenda. Nyumba ambamo mume peke yake ndiye mwenye hobi haijafuata mwongozo huu. Imefuata desturi ya zamani, ile ambayo mama ndiye aliyepika wakati nyatiti ikipigwa.

Bosi akikupigia saa kumi na mbili, utaona simu iliyokosa kujibiwa ukifungua chungu. Mpigie. Ukisikia anataka kujua ulikuwa wapi, mwambie ukweli: ulikuwa darasani. Asilimia kubwa ya mabosi husikia neno darasa wakadhani ni shahada ya uzamili, wakanyamaza kwa heshima. Akiuliza unasomea nini, mwambie hilo pia, na umwalike. Mabosi ndio waliochoka kuliko wote, na wengi hawajaambiwa na mtu yeyote kwamba wanaruhusiwa kuketi kwenye kigoda.

Sita, barua ya uhamisho

Itafika. Kwa mwalimu, askari na afisa wa serikali kuu, hufika wakati vyungu vimeanza kusimama wima. Usiizike hobi pamoja na mizigo. Nyatiti inaingia nyuma ya pikapu, pakruok inaingia popote. Lakini usijifungie na ulichokwenda nacho. Ukipelekwa Migori, nenda Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa wala saruji tangu takriban karne ya kumi na sita, ambazo UNESCO ilizitambua kama Urithi wa Dunia mwaka 2018. Chukua mawe ya uwanja wako ujaribu kupanga ukuta wa kufika gotini usianguke. Ukipelekwa Kuria, tafuta mpigaji wa iritungu, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, na vidole vyako vya nyatiti vitajikuta nyumbani kwa jirani. Kisii kuna zeze la obokano, na Tabaka kuna wachongaji wa mawe laini. Ukipelekwa Kwale au Lamu, watu watakuuliza kwanza kama umepata nyumba. Wajibu, kisha uliza nani hapo anachonga milango, na kama anapokea mwanafunzi mwenye kazi ya ofisi, siku ya Jumanne.